Mchuzi wa Siku ya Pili: Uchambuzi wa Kisa cha Mgonjwa wa Siliaki Aliyekula Ugenini

Kisa hiki kilinipata mimi mwenyewe, na msomaji ana haki ya kulijua hilo mapema, kwa kuwa mtu anayechunguza madhila yaliyompata huwa mwepesi wa kutafuta wa kumtupia lawama. Nimejitahidi kujizuia. Kazi yangu ni ukaguzi wa hesabu, na imenizoeza kutoanza na swali la nani aliyeiba. Huanza kwa kutafuta mahali ambapo fedha zilihama kutoka mkono mmoja kwenda mwingine bila stakabadhi, kwa sababu hapo ndipo zinapopotelea, na mara nyingi hakuna mwizi hata mmoja. Nimekichambua kisa hiki kwa njia hiyohiyo. Kilichopotea safari hii ni taarifa moja fupi: kwamba mtu mmoja katika kundi la watu sitini ana ugonjwa wa siliaki, yaani hudhurika akila ngano na nafaka za jamii yake.

Mambo yalivyokuwa

Nilialikwa kwenye semina ya siku tatu katika hoteli iliyo mbali na kwangu, ambako milo yote ingeandaliwa na jiko la hoteli. Siku tisa kabla ya safari nilimwandikia mratibu wa semina barua pepe ya aya tatu. Nilieleza kwamba nina siliaki, kwamba sitakiwi kula chochote chenye ngano, shayiri wala rai (nafaka inayofanana na ngano), kwamba hata unga kidogo uliobaki kwenye chombo unaweza kunidhuru, na kwamba niko tayari kuzungumza na mpishi kwa simu. Alinijibu siku hiyohiyo kwa maneno ya upole: "Usiwe na wasiwasi dada, nimeshawaarifu." Na kweli alikuwa amewaarifu. Baadaye niliiona taarifa yenyewe kama ilivyofika jikoni. Katika orodha ya mahitaji ya semina, chini ya idadi ya wageni na saa za chai, palikuwa na maneno manne: "Mgeni mmoja hali ngano."

Siku ya kwanza ilikwenda vizuri kupita nilivyotarajia. Mpishi mkuu alitoka mwenyewe hadi mezani kwangu, akaniuliza maswali ya mtu anayejua anachokiuliza, likiwemo la iwapo naweza kula shayiri, kisha akanikataza kuikaribia meza ya kujipakulia. "Chako kitatoka ndani, mama," alisema. Mchana alinitolea wali, samaki aliyeokwa ndani ya karatasi ya foili na mboga za kuchemsha. Jioni akanitolea mayai, viazi na saladi aliyoikata juu ya ubao aliouosha huku nikimtazama kupitia dirisha la jikoni. Nililala na amani ambayo mtu mwenye hali yangu haipati mara nyingi akiwa ugenini.

Siku ya pili mchana sahani ililetwa na kijana ambaye sikuwa nimemwona kabla. Ilikuwa imefunikwa vizuri, na ndani yake mlikuwa na wali, kuku wa kuchoma, viazi vya kukaanga na mboga mchanganyiko. Nilimuuliza kama viazi vina ngano, akasema havina. Nilimuuliza kama mboga zina ngano, akaenda jikoni, akarudi, akasema mpishi amemwambia ni mboga tupu. Nikazitazama zile mboga. Karoti ziling'aa, na pale zilipokutana na wali palikuwa na mchuzi mzito wa rangi ya kahawia ambao haukutiririka nilipoinamisha sahani. Mboga za kuchemsha hazitoi mchuzi wa namna hiyo. Niliuona, nikautilia shaka, na nikala. Nitalirudia jambo hilo mbele, maana ndilo ninaloliona gumu zaidi kulieleza katika kisa kizima.

Saa mbili na ushei baadaye nilitoka ukumbini. Kilianza kichefuchefu, kikafuatwa na kutapika, kisha tumbo la kukata na kuharisha hadi usiku wa manane. Asubuhi ya siku ya tatu niliweza kusimama, ingawa ule uzito wa kichwa, ambao humfanya mtu asome ukurasa mmoja mara tatu bila kuuelewa, ulinikaa kwa siku nne nyingine.

Kwa nini kidogo ni kingi

Watu wengi wanaohudumu kwenye hoteli huiweka siliaki kapu moja na mzio wa ngano, au na tumbo lisilopenda chakula fulani. Ni kitu kingine. Katika ugonjwa huu mfumo wa kinga, ukikutana na gluteni, yaani protini iliyomo katika ngano, shayiri na rai, huushambulia utumbo mwembamba wa mtu mwenyewe. Ndani ya utumbo huo mna vijinyama vidogo sana, mfano wa vidole, ambavyo kazi yake ni kufyonza virutubisho. Vikishambuliwa mara kwa mara husinyaa, na mtu hubaki akila vizuri huku mwili wake ukikosa madini ya chuma, foleti, kalsiamu na vitamini D. Takriban mtu mmoja kati ya mia moja duniani ana ugonjwa huu, na wengi hawajui kuwa wanao. Mimi tumbo halikuwa likinisumbua hata kidogo nilipogunduliwa. Nilikuwa na upungufu wa damu ambao haukusikia vidonge, nikapimwa kingamwili katika damu, na mwisho vikachukuliwa vipande vidogo vya utumbo kwa mpira wenye kamera.

Tiba ni moja tu, nayo ni kuacha gluteni maisha yote. Samuel Gee, daktari Mwingereza aliyeueleza ugonjwa huu mwaka 1888, alikwisha kuona kwamba kama mgonjwa atapona basi atapona kwa chakula, ila hakujua ni kipi cha kuondoa. Ilibidi kumngoja daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Karel Dicke, aonyeshe katika tasnifu yake ya mwaka 1950 kwamba ngano ndiyo chanzo cha matatizo. Mpaka sasa hakuna dawa iliyoidhinishwa ambayo mtu anaweza kuimeza baada ya kukosea ili kuifuta gluteni iliyokwisha kushuka. Kwa hiyo mgonjwa anapokula nje ya nyumba yake, mpishi asiyemfahamu ndiye anayemchanganyia dawa, na mpishi huyo hakuwahi kusomea ufamasia wala kuomba kazi hiyo.

Kuhusu kiasi, utafiti unaotajwa sana ni ule wa Carlo Catassi na wenzake, uliochapishwa mwaka 2007, ambapo wagonjwa waliokuwa wakiishi bila gluteni walipewa kila siku, kwa siku 90, kidonge chenye miligramu 10 za gluteni, au miligramu 50, au kidonge kisicho na kitu. Miligramu 50 kwa siku zilitosha kuudhuru utumbo. Kipande kimoja cha mkate kina gluteni ya gramu mbili hivi, kwa hiyo tunazungumzia sehemu moja ya arobaini ya kipande, yaani chenga ambazo mtu huzipangusa mezani kwa kiganja bila kuzitazama. Kodeksi ya Kimataifa ya Chakula, yaani mkusanyiko wa viwango vya chakula vya kimataifa, imeweka kikomo cha miligramu 20 za gluteni kwa kila kilo ya chakula kinachoruhusiwa kuitwa kisicho na gluteni, na Marekani na Umoja wa Ulaya zinatumia kikomo hichohicho kwa maneno hayo. Moto wa jikoni hauiharibu gluteni. Dawa ya mikono yenye alkoholi haiiondoi, kwa kuwa si kidudu cha kuuawa. Huondolewa kwa maji, sabuni na kusuguliwa, kama uchafu mwingine wowote.

Kufuata mkono kwa mkono

Asubuhi ya siku ya tatu mpishi mkuu alikuwa amerudi zamu. Alipopata habari alikuja kunisalimia, na uso wake ulionyesha kwamba jambo lile limemuumiza. Nilimwomba anisaidie kuifuata ile sahani kutoka mwanzo hadi mwisho, akakubali, akaniingiza jikoni kabla ya pilikapilika za mchana kuanza.

Cha kwanza tulichokiona kilituchekesha, ingawa mimi tumbo liliniuma nilipocheka. Siku ya kwanza, baada ya kuzungumza nami, mpishi mkuu alikuwa ameandika karatasi kubwa kwa kalamu nyekundu, yenye namba ya meza yangu na maneno "ngano, shayiri, rai, vyombo vyake peke yake", akaibandika kwenye mlango wa jokofu ambapo kila mpishi hupita. Sasa mlangoni palikuwa na orodha ya hafla nyingine iliyokuwa ikiandaliwa hotelini, imebandikwa kwa utepe wa gundi. Aliinua kona yake kwa ukucha. Karatasi yake ilikuwa bado ipo chini, imenyooka, wino haujafifia, na mtu aliyebandika ile ya juu hakuwa na sababu ya kuisoma. Mpishi mkuu alipoondoka jioni, zamu iliyoingia ilibaki na orodha ya ofisini tu, ile ya maneno manne.

Maneno hayo yanastahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu hayana uongo ndani yake. Ni kweli sili ngano. Lakini aya zangu tatu zilipofupishwa zilipoteza nafaka mbili, zikapoteza habari ya vyombo, na zikapoteza sababu. Anayesoma "hali ngano" husikia jambo la hiari, kama vile mtu asiyependa vitunguu, na hupima uangalifu wake kwa kipimo hicho. Kupotea kwa shayiri na rai pia si jambo dogo, na wala halitokei jikoni tu. Sheria ya Marekani ya mwaka 2004 kuhusu vyakula vinavyosababisha mzio inalazimisha ngano itajwe waziwazi kwenye pakiti, lakini haitaji shayiri na rai, hivyo mtu anaweza kusoma lebo isiyo na neno ngano na bado akala kimea cha shayiri. Kutokuwa na ngano na kutokuwa na gluteni ni mambo mawili, na anayeyachanganya hana haja ya kuwa mzembe.

Tukaenda kwenye viazi, ambavyo kwa kweli ndivyo nilivyokuwa nikivishuku zaidi. Karai la mafuta lilikuwa moja, na asubuhi ya siku ya pili lilikuwa limekaanga samaki waliovingirishwa kwenye chenga za mkate. Wagonjwa wa siliaki huambiana mapema kabisa kuhusu mafuta ya pamoja, na onyo hilo lina msingi. Mwaka 2021 ulichapishwa utafiti ambao wachunguzi walinunua viazi vya kukaanga mara 20 kutoka migahawa 10 iliyokaanga vyakula vya ngano katika mafuta yaleyale. Gluteni ilionekana mara 9, na robo ya sampuli zote zilivuka miligramu 20 kwa kilo. Kijana aliyesema viazi havina ngano alisema kweli kuhusu viazi. Hakuulizwa kuhusu mafuta.

Hata hivyo, nilipokaa na kalamu, hesabu ya viazi haikulingana na usiku nilioupitia. Nilikula kiasi cha gramu 150. Tuseme vilikuwa na mara mbili ya kikomo, yaani miligramu 40 kwa kilo: hiyo ni miligramu sita. Si kitu cha kudharauliwa kwa mtu anayekula hivyo kila siku, lakini nilihisi kwamba bado sijafika mahali penye shimo.

Shimo lilikuwa kwenye sufuria ya mchuzi. Mpishi kijana wa zamu ya pili aliitwa, akasimama mbele yetu mikono nyuma kama mwanafunzi, akaeleza bila kuficha. Mboga alizichemsha kwenye maji safi, katika sufuria safi, kwa ajili yangu peke yangu. Alipoulizwa na mhudumu akajibu kwamba ni mboga tupu, na zilipotoka mikononi mwake zilikuwa tupu kweli. Ila kabla sahani haijatoka jikoni, mwenzake aliyekuwa akipakua akaiona sahani imekuwa kavu, akaona si vizuri kumpelekea mgeni chakula kikavu, akachota upawa mmoja wa mchuzi kutoka sufuria kubwa ya wageni wote na kumimina juu. Alifanya hivyo kwa ukarimu. Nilimuuliza yule mwenzake kama alijua sahani ni ya nani, akasema alijua ni ya mgeni asiyekula ngano, ndiyo maana hakuniwekea mkate.

Mchuzi wenyewe ulikuwa na vitu vitatu vya kutazamwa. Kulikuwa na vipande vya mraba vya kutia ladha ya supu, ambavyo pakiti yake, niliposoma kwa tochi ya simu, ilitaja unga wa ngano katika mstari wa tatu. Kulikuwa na mchuzi wa soya, ambao chupa yake ilitaja maji, soya, ngano na chumvi, jambo linalowashangaza wengi kwa sababu jina lake halitaji ngano. Na kulikuwa na unga wenyewe, uliotiwa ili mchuzi ushikane. Nilimwomba yule mpishi kijana anichotee kiasi kilekile cha unga kwenye bakuli, akachota vitanga viwili vilivyojaa, tukapima kwenye mizani ya keki: gramu 150 na kidogo. Unga wa ngano, kwa makadirio, una gluteni sehemu moja kwa kumi. Gramu 150 za unga ni gramu 15 za gluteni. Sufuria ililisha watu sitini. Kila aliyepata upawa mmoja alipata kiasi cha miligramu 250. Mimi sikumaliza mboga zangu, basi nikate nusu, nibaki na 125, na bado ni zaidi ya maradufu ya kile kiasi cha utafiti wa mwaka 2007, tena kwa mkupuo mmoja.

Mpishi mkuu alizitazama namba hizo kwenye daftari langu kwa muda mrefu. Alisema kwamba kwa miaka yote amewafundisha vijana wake kuogopa kisu na ubao, na hakuwahi kufikiri kwamba upawa mmoja unaweza kubeba kiasi hicho.

Hapa pana jambo ambalo sisi wagonjwa tunalikosea pia. Hofu zetu hazikugawanywa sawasawa na hatari. Utafiti mdogo uliochapishwa mwaka 2020 ulipima mambo ambayo familia nyingi huyaogopa, na ukakuta kwamba mkate usio na gluteni uliopitishwa kwenye mashine ya pamoja ya kubanikia ulibaki chini ya miligramu 20 kwa kilo katika vipimo vyake, ilhali tambi zisizo na gluteni zilizochemshwa kwenye maji yaliyokwisha kuchemshia tambi za ngano zilivuka kikomo hicho, na zikashuka chini yake baada ya kusuuzwa kwa maji ya bomba. Simwambii mtu aache kuogopa mafuta ya pamoja, na mimi sili viazi vya kukaanga nisivyoviona vikikaangwa. Ninachosema ni kwamba uvumilivu wa mhudumu una kikomo, maswali tunayoweza kumuuliza hayazidi mawili au matatu, na tusilitumie la kwanza kuuliza kuhusu chenga wakati unga wa vitanga viwili uko kwenye sufuria ya jirani.

Namna ya kuuliza nayo ina uzito. Nilipouliza "mboga zina ngano?" nilitaja chakula kwa jina lake, nikajibiwa kuhusu kile chenye jina hilo. Mchuzi hauna jina katika sahani ya mboga. Ni kama gharama ndogondogo katika vitabu vya hesabu, hakuna anayeikumbuka mpaka aulizwe kwa jina lake. Ningeuliza "juu yake pamemiminwa nini, na kimeshikanishwa na nini?" kijana angelazimika kwenda kutazama sufuria.

Lakini je, nisingeulizwa kwa nini sikuuliza hivyo, ilhali mchuzi niliuona kwa macho yangu? Mezani tulikuwa wanane. Wenzangu walikuwa wamesubiri sahani yangu ifike ndipo waanze kula, na chakula chao kilikuwa kinapoa. Asubuhi mmoja wao alikuwa ameniita kwa utani mgeni wa kifalme, nami nilicheka pamoja nao. Nilikuwa nimeshauliza maswali mawili, kijana ameshakwenda jikoni na kurudi, na swali la tatu lingekuwa sawa na kumwambia mbele ya watu kwamba simwamini. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Maradhi sikuyaficha, niliyatangaza kwa barua ya aya tatu. Nilichokificha ni shaka. Nimezungumza na wagonjwa wenzangu kadhaa kuhusu hili, na karibu kila mmoja ana mlo wake wa namna hiyo, ambao aliula akijua, kwa sababu kuugua peke yake usiku kulionekana kwepesi kuliko kuwasumbua watu mchana.

Haki inanitaka niseme pia mipaka ya ushahidi wangu. Kutapika saa mbili baada ya kula kunaweza kuwa ni chakula kilichoharibika. Nilimuuliza mratibu, naye akawauliza wengine. Hakuna mtu mwingine hata mmoja kati ya sitini aliyeugua, na wote walikula mchuzi uleule na kuku yuleyule. Sikupimwa chochote siku ile, na kipimo cha kawaida cha kingamwili hakikuundwa kwa ajili ya kuonyesha kosa la mlo mmoja. Isitoshe, kuugua si kipimo cha kuaminika cha kilichoingia tumboni. Wapo wagonjwa wa siliaki ambao hula gluteni na wasihisi lolote, huku utumbo ukidhurika vilevile. Inawezekana hata ile siku ya kwanza ya amani ilikuwa na kasoro ambayo mwili wangu haukuipigia kelele. Mtu wa namna hiyo akila sahani yangu ile hakuna anayefungua uchunguzi, karatasi inabaki chini ya karatasi, na mchuzi unaendelea kumiminwa.

Wenzangu wa semina walinishauri kwamba safari nyingine nitafute mgahawa wenye vyakula vilivyoandikwa kwamba havina gluteni, nami niliwashukuru, ila maandishi hayo yana kisa chake. Mwaka 2019 ulichapishwa uchambuzi wa vipimo 5,624 ambavyo watu 804 nchini Marekani walivifanya kwa kifaa cha mkononi, wakipima vyakula ambavyo migahawa iliviita visivyo na gluteni. Asilimia 32 vilionyesha gluteni. Kwa piza na tambi ilikuwa zaidi ya nusu. Takwimu hizo zichukuliwe kwa uangalifu, kwa kuwa watu hupima zaidi kile wanachokishuku, na kifaa hicho kinaweza kuonya hata pale kiasi kikiwa chini ya kikomo. Hata ukizipunguza, bado zinasema kwamba maandishi kwenye orodha ya vyakula yaliandikwa na mtu wa ofisini, miezi kadhaa iliyopita, na hayajui leo ni nani aliyeshika upawa.

Safari iliyofuata

Miezi mitano baadaye nilialikwa kwenye mkutano mwingine, wa siku mbili, katika hoteli nyingine. Nilibadilisha mambo machache. Barua kwa mratibu iliomba kitu kimoja tu, namba ya simu ya jikoni. Nilipiga saa nne asubuhi, wakati ambapo chai imekwisha na chakula cha mchana hakijashika kasi, na sikueleza nisichokula. Nilieleza ninachoweza kula kikiwa kimepita mikono michache: mayai ya kuchemsha yakiwa ndani ya maganda, matunda yasiyomenywa, kiazi kilichookwa na ganda lake, nyama au samaki mwenye chumvi tupu ndani ya foili, wali kutoka sufuria ambayo haijaingizwa kijiko kingine, na juu yake kisimiminwe kitu. Niliuliza zamu hubadilishana saa ngapi, na nani huingia. Kila zamu ilipoingia nilikwenda mlangoni mwa jiko kumsalimia aliyekuwa akipakua, kwa kuwa ndiye mtu wa mwisho kuigusa sahani, na kwa kawaida ndiye ambaye habari humfikia mwisho au haimfikii kabisa. Wenzangu wa mezani niliwaambia mapema waanze kula bila kunisubiri.

Siku ya pili mchana sahani ilikuja imefunikwa kwa foili, ikiwa na jina langu juu yake. Ndani mlikuwa na kiazi, mayai na kipande cha samaki. Samaki alikuwa na rangi ya manjano ambayo chumvi tupu haiitoi. Niliitazama ile rangi kwa muda, kisha nikamwita mhudumu na kumuuliza samaki amepakwa nini. Hakujua, akaenda. Aliyerudi ni mpishi mwenyewe, mwanamke wa rika langu, mkononi ameshika pakiti ya viungo vya unga iliyokwisha kufunguliwa.

"Nimeweka kidogo tu dada, apate ladha," alisema, akanipa pakiti. "Maandishi yake madogo, hebu soma wewe."

Nilisoma. Chumvi, binzari, sukari, unga wa ngano. Nilimwonyesha mstari kwa kidole, naye akausogeza karibu na macho, akausoma mara mbili. Kisha akaifunika sahani yote, pamoja na mayai na kiazi kwa sababu vilikuwa vimegusana na samaki, akarudi nayo ndani. Wenzangu walikuwa wamefika kwenye matunda. Nilimenya chungwa langu taratibu, na dakika ishirini baadaye akaniletea samaki mwingine.